Inavyozimika Ndivyo Inavyojieleza

Kompyuta iliyokuwa ikipiga kazi bila matata inafungwa RAM mpya au kadi ya grafiki, na tangu siku hiyo haimalizi saa mbili bila kuzimika. Mwenye nayo anamshuku aliyemuuzia kifaa. Fundi mwenye haraka anapiga Windows upya, inakaa siku mbili, inarudia yale yale. Kabla ya kufuta au kununua chochote, chunguza mashine inazimika vipi, na wakati gani.

Anza kwa kuzima ule mpangilio wa Windows wa kujiwasha upya baada ya hitilafu, la sivyo skrini ya bluu itapita kabla hujaisoma. Kisha fungua kumbukumbu za matukio. Karibu kila mara utakuta Kernel-Power 41, namba inayowatisha watu bure, maana inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Cha maana kimo ndani yake, kwenye mstari wa BugcheckCode. Ukikuta 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea: huenda iliganda, au umeme ulikatika. Ukikuta 26 au 292, hizo ndizo 0x1A na 0x124 za skrini ya bluu. Ya kwanza inahusu usimamizi wa kumbukumbu ya RAM, ya pili ni vifaa vyenyewe kulalamika.

Kama umefunga kadi ya grafiki, namba ni 0, na mashine inakata ukiwa katikati ya gemu lakini inatulia ukiandika barua, mimi naangalia pawa saplai kwanza. Kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, zinazouzwa kwa wingi Kariakoo na kwingineko, nyingi huja na pawa saplai ya wati 240 hadi 300. Sloti ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi hupewa kwa waya wa pini 6, unaoongeza wati 75, au wa pini 8, unaoongeza 150. Waya hizo zisipokuwepo, watu huunga adapta kutoka waya wa SATA, ambao kwenye volti 12 umeundwa kubeba takriban wati 54. Hapo kuzimika ni afadhali. Plastiki inaweza kuyeyuka.

Wala usidanganywe na maandishi makubwa ya "500W" kwenye pawa saplai. Geuza boksi usome jedwali dogo la pembeni, safu ya +12V. Ikiandikwa ampea 18, zidisha kwa 12: una wati 216, na prosesa na kadi vyote vinakula humo humo. Isitoshe, kadi za kisasa huvuta umeme mwingi kupita wastani wake kwa milisekunde chache, na muda huo unatosha kinga ya pawa saplai kukata. Jaribio lisilo na gharama ni kupunguza kikomo cha umeme cha kadi kwa programu yake, au kubana idadi ya fremu za gemu. Kuzimika kukikoma, kadi yako huenda ni nzima kabisa.

RAM ina tabia nyingine. Skrini ya bluu inakuja na namba tofauti kila mara, hata mashine ikiwa haina kazi. Kwenye laptopu za zama za DDR3 kosa limo kwenye herufi moja: PC3 ni ya volti 1.5, PC3L ni ya 1.35. Zinafanana umbo, zinaingia sloti ile ile, ila laptopu nyingi zilizotoka tangu 2013 zinataka yenye L. Kwenye DDR4, kuchanganya RAM mbili za kasi tofauti, au kuwasha XMP (mpangilio wa BIOS wa kuongeza kasi ya RAM), kunatosha kuleta balaa. Zima XMP kwanza. (Lakini usisasishe BIOS kwenye mashine inayozimika ovyo, ikikata katikati, mazabodi inaweza isiwake tena.)

Halafu washa kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, uiache usiku kucha. Kosa moja tu si la kupuuza. Jaribu RAM moja moja kwenye sloti moja, kisha uhamishe. Makosa yakiifuata RAM, ni RAM. Yakibaki kwenye sloti, tatizo ni mazabodi au prosesa.

Kurudisha kifaa cha zamani ni kipimo kizuri, ila hakimalizi ubishi, kwa sababu kadi nzima yenye njaa ya umeme nayo itaonekana mbovu. Ndiyo maana ukienda dukani kudai ubadilishiwe RAM, nenda na picha ya skrini ya Memtest, pamoja na RAM ya zamani iliyopita kipimo hicho hicho kwenye sloti ile ile.