Sambamba au Sanjari? Istilahi ya Mwanga wa Leza

Katika kuunda istilahi za sayansi, neno moja lisilofaa laweza kuficha kiini cha jambo. Mfano mmojawapo ni ile sifa ya mwanga wa leza ambayo mfasiri huvutiwa kuiita usambamba.

Neno sambamba limekwisha kupata makao katika hisabati: hutaja mistari isiyokutana. Mwanga waweza kuwa na miale sambamba, na huku mawimbi yake yakipanda na kushuka ovyo. Sifa inayokusudiwa hapa ni nyingine, yaani mawimbi kupanda pamoja na kushuka pamoja, mithili ya makasia ya mtumbwi mmoja. Neno lifaalo ni sanjari.

Haja ya kuzitenga sifa hizi yadhihirika katika leza ya elektroni huru, ambayo nadharia yake ilitolewa na John Madey wa Stanford, Marekani, mwaka 1971. Elektroni hizo huitwa huru kwa kuwa hazikufungwa katika atomi. Huongezwa kasi hadi kukaribia ile ya mwanga, kisha hupitishwa katikati ya sumaku zenye ncha za kupishana. Zikiyumbishwa hutoa mwanga, nao mwanga huzikusanya katika matabaka membamba yaliyoachana kwa urefu wa wimbi moja. Elektroni elfu moja zikitoa mwanga kila moja kwa wakati wake, ukali huwa mara elfu wa ule wa elektroni moja. Zikitoa sanjari, huwa mara milioni.

Mwaka 2009 mtambo wa LCLS, huko California, ulitoa kwa njia hii eksirei zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.15, kadiri ya nafasi iliyopo baina ya atomi. Mmweko wake ni wa muda mfupi mno, hata fuwele ndogo ya protini huacha alama za mpangilio wa atomi zake kabla ya kusambaratika. Kutokana na alama za fuwele nyingi, wataalamu walipambanua umbo la kimeng'enya cha kathepsini B cha kimelea cha malale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Umbo hilo laweza kuwaongoza wanaotafuta dawa itakayokizuia kimeng'enya hicho pasipo kudhuru kinachofanana nacho katika mwili wa binadamu.

Malale na mbung'o twavijua kwa majina yetu wenyewe. Yafaa basi na chombo kinachomchunguza adui huyu kielezwe kwa Kiswahili kisichopotosha. Twapendekeza leza ya elektroni huru na mwanga sanjari. Wasomaji wanaombwa kuzipima istilahi hizi.