Hofu ya Mdudu Ukutani

Wengi wetu tukiona mdudu nyumbani usiku, moyo hushtuka na mkono hupiga kabla hatujafikiri. Hebu tumwangalie yule mdudu mwembamba, mwenye rangi nyekundu na nyeusi, aitwaye Nairobi Fly. Baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998 alizidi sana nchini Kenya. Lakini mdudu huyu haumi wala hadungi. Sumu yake imo mwilini mwake, nayo hutupata tunapomponda juu ya ngozi. Baada ya siku moja au mbili ngozi huwa nyekundu na kutoka malengelenge. Basi, ni lile pigo letu la hofu linalotuunguza.

Tufanye nini? Tumpulize, au apande karatasi tumtoe nje. Tukiwa tumekwisha kumponda, tuoshe ngozi kwa sabuni na maji, wala tusiguse macho. Taa tuzizime mapema, kwa maana hufuata mwanga. Mtoto akiogopa, tusimcheke. Tumshike mkono amtazame kwa mbali, na kesho asogee kidogo. Hivyo ndivyo moyo unavyozoea.