Lipiko na wachoraji wa Voi

Mkonge ndio uliowaleta Wamakonde katika nchi yetu. Kuanzia miaka ya 1930 waliajiriwa kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, Kilifi na huku kwetu Taita Taveta. Wakenya wengi waliwasikia Oktoba 2016, walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, kisha wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Sanaa yao hatujaipa hadhi inayostahili. Hilo linaniuma, maana ndani yake mna mhusika ambaye kila mchoraji chipukizi wa hapa Voi angefaa kumjua: lipiko.

Lipiko ni mchezaji aliyevaa kinyago kinachofunika kichwa kizima kama kofia. Kinyago hicho huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mvaaji ana kazi ya kuruka na kutikisika. Mchongaji hubandika nywele halisi za mtu, hupamba mashavu kwa chale za nta, na hupasua mdomo uwe wazi, maana mchezaji huonea hapo. Mwili hufungwa nguo usionekane hata ngozi. Zamani, ngoma ya lipiko ilipofungamana na jando, wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo si mtu, ni mzimu.

Lakini mzimu huyo huchekesha. Wachongaji walimtoa Mreno, Mhindi, Mwarabu, mzee wa kijiji, kila mmoja na pua yake na ndevu zake, na mchezaji akamalizia kwa mwendo. Watazamaji huangua kicheko kwa sababu wanamjua anayeigwa. Kicheko hicho hakipatikani bila mchongaji kumtazama mtu kwa makini sana, na hapo ndipo mchoraji ana la kujifunza.

Ulaya nako wachoraji wamewahi kumchukua mhusika wa kuchekesha mwenye barakoa. Arlecchino, mtumishi mlafi wa michezo ya kuchekesha ya Italia, mwenye barakoa nyeusi na nguo za viraka, alimvutia Picasso kwa miaka mingi. Mwaka 1924 alimchora mwanawe Paulo katika mavazi hayo, uso wazi, mtoto mpole asiye na mzaha wowote. Ni picha nzuri, ila kicheko kimetoweka.

George Lilanga, Mmakonde wa Tanzania aliyefariki 2005, hakukiacha kicheko hicho. Alianza kwa kuchonga, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kisha akahamia kwenye rangi. Mashetani aliowachora wana masikio makubwa na matumbo yaliyofura, nao wanafanya mambo ya watu: wanapiga soga, wanacheza, wanagombana. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Nikiwatazama mashetani hao naona ndugu wa lipiko, ingawa hawakuvaa kinyago.

Huku kwetu, sanaa inayouzwa kwa watalii wa Tsavo ni ndovu, twiga na simba, mnyama yuleyule mara elfu. Sidharau riziki ya mtu. Hata hivyo, tunao watu wa kuchongwa: utingo anayening'inia mlangoni mwa matatu, mama wa nyanya sokoni, nyapara wa shamba la mkonge akiwa ameshika daftari lake. Wa kwanza kabisa ningetaka awe huyo nyapara, na achongwe na mjukuu wa aliyekata mkonge chini yake.