Daktari Atazame, Karani Aandike

Makongeni ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Huku Eastlands wangalipo wazee ambao masikio yao yalidhoofishwa na kelele za karakana, na wanajeshi wastaafu ambao yao yaliharibiwa na milio ya bunduki. Mzee wa aina hiyo husikia kwa kutazama midomo ya msemaji. Je, ataelewa vipi iwapo daktari anamwuliza maswali huku ameinamia karatasi?

Nimewasindikiza wazee kadhaa hospitalini, kila mmoja na daftari lake la shule, maana ndilo faili lake. Simlaumu daktari. Foleni ni ndefu, na asipoandika, atakayempokea mgonjwa kesho hatajua alitibiwa nini. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na aghalabu linalomponyoka ni lile ambalo mzee alitaka kulisema mwishoni, kwa haya.

Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2018 iliagiza hospitali 10 za wanajeshi wastaafu zifanye jaribio la miaka miwili kwa kutumia makarani 40. Karani huketi kando, akanakili maelezo ya mgonjwa na maagizo ya daktari. Hapimi wala hatibu. Daktari husoma yaliyoandikwa, akasahihisha, kisha akatia sahihi, kwa kuwa dhamana ni yake.

Sioni sababu ya sisi kutojaribu hata katika hospitali chache. Chuo cha KMTC hufunza watunza kumbukumbu za afya, na vijana wenye elimu wasio na kazi wamejaa mitaani. Wapo watakaolalamikia gharama. Nawauliza: kipi ghali zaidi, mshahara wa karani au saa za daktari tuliyemsomesha kwa miaka mingi zikiishia katika kujaza fomu?

Hofu ninayoikubali ni ya siri. Mzee hatataja maradhi yake mbele ya kijana wa jirani. Kwa hivyo mgonjwa aombwe idhini kwanza, naye karani afungwe na kiapo pamoja na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Walimu wenzangu, kazi hiyo yahitaji kusikiliza kwa makini, kuandika kwa usahihi na kufunga mdomo. Hayo matatu tunaweza kuyafunza darasani tangu sasa.