Huzuni ya kijana si upungufu wa imani

 

Ndugu wasomaji, miongoni mwa maswali tunayoletewa baada ya swala ya Ijumaa, lipo moja ambalo siku hizi linajirudia kuliko hata yale ya mirathi na talaka. Mzazi, aghalabu mama, husubiri watu wapungue msikitini, kisha husema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe aliye kidato cha pili au cha tatu amebadilika. Hali chakula pamoja na wenzake, usiku hapati usingizi, shuleni hataki kwenda, na akiulizwa hajibu. Kabla hatujatia neno, mama huyo huwa ameshatoa hukumu: "Sheikh, huyu mtoto imani imemtoka." Baba, akiwapo, huongeza kuwa ni deko, au ni simu, au ni jini.

Leo tunakusudia kulitazama hilo neno "imani", kwa kuwa tunaona ndilo linalomfungia kijana mlango. Kijana akishaambiwa kuwa huzuni yake ni dhambi, hatoitaja tena. Ataibeba peke yake, na juu yake atabebeshwa mzigo wa pili wa kujiona mbaya mbele ya Mola wake. Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwa takwimu zake za mwaka 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Hao si watoto wa mataifa ya mbali peke yao.

Wazazi wengi wanapomkemea kijana mwenye huzuni huishika aya ya 87 ya Surat Yusuf, inayokataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu na kulihesabu jambo hilo kuwa ni sifa ya makafiri. Aya ni ya haki. Lakini tuulize: maneno hayo yalitoka kinywani mwa nani, na akiwa katika hali gani? Aliyeyasema ni Nabii Yaqub (A.S.), na aya tatu tu kabla yake Qur'ani imeshatueleza kuwa macho yake yalikuwa yameingia weupe kwa huzuni ya kumlilia mwanawe. Wanawe wakamlaumu, wakamwona mzee atakayejiangamiza kwa kumkumbuka Yusuf. Yeye akawajibu kuwa sikitiko lake anampelekea Mola wake. Baada ya hapo ndipo akawaamrisha waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa.

Basi aliyekataza kukata tamaa alikuwa amelia hadi akapoteza nuru ya macho, na hapana Mwislamu awezaye kusema kuwa Nabii huyo imani ilimpungua. Huzuni ni kitu kimoja na kukata tamaa ni kitu kingine. Tena katazo lile lilikuja pamoja na amri ya kutoka na kutafuta, si amri ya kunyamaza. Anayemsomea mwanawe aya hii ili anyamaze ameisoma kinyume na ilivyoteremka.

Katika sura hiyo hiyo yumo na kijana mwenyewe. Yusuf alitupwa kisimani na ndugu zake wa baba mmoja, kwa wivu, kisha wakarudi nyumbani jioni wakilia machozi ya uongo. Huu ndio uonevu kama tunavyoujua leo: kundi dhidi ya mmoja, siri inayolindwa na wote, na mzazi anayeletewa hadithi iliyokwisha kupangwa. Wenye kuonea watoto wetu si lazima wawe wahuni wa mitaani. Huwa ni wenzao wa bwenini, binamu zao, hata wanafunzi wenzao wa madrasa.

Hapa husemwa kwamba ni utani tu. Sisi tumekulia katika nchi ya utani na tunauheshimu. Mtani humtania mwenziwe na yeye akataniwa, na msibani mtani huyo huyo ndiye wa kwanza kushika kazi. Utani una pande mbili na una mipaka. Kijana anayeitwa kila siku kwa jina la kejeli kwa sababu ya unene wake, rangi yake, kigugumizi chake au umasikini wa kwao, asiweze kujibu, hataniwi. Aya ya 11 ya Surat Hujurat imekataza waziwazi kudharauliana na kuitana majina mabaya, na imewataja wanaume na wanawake kila kundi kwa upande wake. Na zamani mtoto aliyeonewa shuleni alipumzika alipofika nyumbani. Leo simu inamfuata hadi kitandani. Picha aliyopigwa bila ridhaa yake saa tisa alasiri, ikifika saa tatu usiku imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp ya darasa.

Lakini tusiwasemee vijana tu. Nani aliyewafundisha kwamba aibu ni chombo cha malezi? Baba anayemlinganisha mwanawe na mtoto wa jirani mbele ya wageni, mwalimu anayesoma alama za mwisho kwa sauti ili darasa licheke, ustadhi anayemsimamisha aliyekosea hifdhi kwa mguu mmoja barazani wapita njia wakitazama: wote hao wanafundisha somo moja. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutaja shule bora na wanafunzi bora. Wako waliolalamika. Sisi tuliona ni uamuzi wa busara, na tungependa majumbani nako ujulikane.

Mfano wa Mtume wetu (S.A.W.) uko wazi. Anas bin Malik alimtumikia kwa takriban miaka kumi, tangu utotoni, na akasimulia kuwa hakuwahi hata kuguniwa. Na ndugu yake Anas, mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umair, alipofiwa na kijindege chake, Mtume alimkuta na huzuni akamuuliza habari za ndege huyo. Hakumwambia kuwa ni ndege tu.

Tuje kwenye tiba, kwa maana hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya ndugu zetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, ambamo aliigawa huzuni mafungu mawili. Ipo huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ipo huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo yeye aliihusisha na mwili na akataka itibiwe kwa njia za mwili pia. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, tukisikia jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayohudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, tunacheka na kulitumia kama tusi. Wazee wetu walitutangulia kwa mbali.

Kwa hiyo kisomo kisomwe, dua iombwe, na kijana apelekwe kwa daktari. Hakuna kinachomzuia mwenzake. Tunachokikataa ni yule anayewaambia wazazi waache dawa alizoandika daktari hadi kisomo kiishe, na yule anayempiga mtoto kwa madai ya kumtoa jini.

Nyumbani, mzazi aketi na mwanawe wakati usio wa ugomvi, aulize kisha asubiri jibu, hata likichelewa. Kama kijana amesema kuwa maisha hayana maana, au amegawa vitu vyake avipendavyo, au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Wako wanaoogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema sivyo. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua alichokibeba. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo, vitu vya hatari na dawa viondolewe karibu yake, na afikishwe hospitali.

Wapo wazazi wanaoficha kwa kuogopa polisi, kwani sheria tulizorithi kwa Waingereza zililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Tanzania Bara mjadala huo bado haujafika huko. Pamoja na hayo, mtoto mgonjwa hupelekwa kwa daktari kwanza, na imamu wa msikiti wenu akiombwa kufuatana na familia hadi hospitali, tunamwomba asikatae.

Kwa kijana anayeyasoma haya mwenyewe, ambaye hana wa kumwambia nyumbani: namba 116 ni ya huduma ya simu kwa watoto, Tanzania na Kenya, na kuipiga ni bure.