Homa Gani, Mama?

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuhifadhi habari za wagonjwa kwa kompyuta. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa programu ya OpenMRS mwaka 2004, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi. Si haba.

Lakini mimi ni mtu wa lugha. Mama wa Bungoma au Kitale asemapo "nina homa", huenda ana joto la mwili, mafua, au malaria. Fomu ya kompyuta haijui "huenda". Yataka jibu moja, aghalabu la Kiingereza. Mwanafunzi wa utabibu akibonyeza "malaria" kwa haraka, kosa lake litasomwa na kila daktari atakayemtibu mama huyo baadaye.

Ajabu ni kwamba kamusi ya OpenMRS huruhusu kila dhana ipewe majina ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Basi sisi wanaisimu tuketi na matabibu tuyajaze. Naye mwalimu wa kompyuta, kabla ya kufundisha kubonyeza, afundishe kuuliza: Homa gani, mama? Yaja jioni? Watetemeka?