Watumishi wa Posta na Wakubwa Wao

Leo twataka kunena habari ya jambo ambalo watu huliona kila siku wasilitie maanani, nalo ni jinsi watumishi wa posta wanavyoaminiana na wakubwa wao. Pengine mtauliza, “Jambo hilo latuhusu nini sisi tulimao migomba na kahawa?” Latuhusu sana, kwa maana kuaminiana huko, au kukosekana kwake, hufika mpaka mlangoni mwa mtu wa kijijini ambaye hata hamjui karani aliyeishika barua yake.

Na tuanze nyumbani. Kemondo ni bandari ya Ziwa Viktoria, yapata kilomita 20 kusini ya mji wa Bukoba, katika njia iendayo Muleba. Kwa miaka mingi mtu wa huku aliyekuwa na mwana shuleni ng’ambo, au ndugu kazini Mwanza, Kampala au Nairobi, alitegemea meli kumletea habari zake. Barua ilipita katika mikono mingi: ya karani aliyeipokea, ya aliyeifunga mfukoni, ya mabaharia, ya wachukuzi wa gatini, na ya karani wa mwisho aliyeita jina dirishani. Mwenye barua hakumjua hata mmoja wao, naye aliwaamini wote.

Mkulima wa kahawa alijua jambo hili kwa njia nyingine. Alipopeleka kahawa yake chamani, aliiweka katika mizani, karani akasoma uzito, akauandika daftarini, akampa karatasi. Tangu hapo kahawa haikuwa mikononi mwake tena. Alibaki na karatasi tu. Karatasi ile ilikuwa na thamani kwa sababu yeye mwenyewe alisimama pale akaitazama mizani. Likumbukeni neno hili la mizani, tutalirudia mbele.

Sasa tueleze jinsi barua ya rejista isafirivyo. Karani huipa namba, huiandika katika kitabu, na kumpa mwenyewe risiti. Barua za rejista zinapokusanywa, huandikwa katika orodha, kila moja kwa namba yake, na orodha hiyo hutiwa mfukoni pamoja nazo. Kisha mfuko hufungwa na kutiwa muhuri. Kila mtu aupokeaye huutazama muhuri kama ni mzima, kisha hutia sahihi. Mfuko ukifika mwisho wa safari, hufunguliwa mbele ya shahidi, na barua huhesabiwa kwa kufuata orodha. Ikiwa hesabu hailingani, karani hupaswa kuandika taarifa ya tofauti siku ile ile na kuipeleka kwa posta ilikotoka. Hii ndiyo desturi ya posta za nchi nyingi zilizomo katika Umoja wa Posta wa Dunia, ulioanzishwa mwaka 1874 katika mji wa Bern, nchi ya Uswisi.

Tazameni hekima ya mpango huu. Wengine hudhani ya kuwa sahihi na mihuri ni dalili ya kutoaminiana. Sivyo. Sahihi humlinda karani mwaminifu. Akiupokea mfuko na muhuri ni mzima, na orodha yataja barua 12 hali zimo 11, hana haja ya kuapa wala kulia. Muhuri wasema kwa niaba yake ya kuwa kosa lilitendeka kabla mfuko haujafungwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaweza kuongeza ya kuwa hata jina jema la mtumishi hupotea vivyo hivyo.

Lakini daftari peke yake halitoshi. Tutwae mfano. Karani kijana amefungua mfuko, akaona barua moja haimo. Jambo la kwanza alifikirilo si barua; humfikiria mkubwa wake. Akiwa mkubwa huyo ni mtu wa kufoka, aitaye kila kosa wizi kabla hajauliza, kijana ataogopa. Atajiambia, “Nitangoje, huenda barua ikaja katika mfuko wa kesho.” Kesho haiji. Sasa amekawia siku mbili, naye aogopa zaidi, kwa maana ataulizwa mbona hakusema jana. Wiki ikipita, katika posta ile ya kwanza hapana tena akumbukaye mfuko ule ulifungwaje. Barua imepotea kabisa, na kijana ambaye hakuiba kitu sasa ameficha jambo.

Akiwa mkubwa wake ni mtu aulizaye kwanza, kijana atakwenda kwake saa ile ile, atasema, “Bwana, orodha yasema 12, mimi naona 11.” Taarifa itapelekwa upesi, na barua yaweza kuonekana chini ya meza ya posta ya kwanza, au katika mfuko wa mji mwingine. Karani ni yule yule na kosa ni lile lile, bali mwisho umekuwa mwingine.

Sisi walimu tulifahamu jambo hili darasani. Mwalimu apigaye fimbo kwa kila hesabu iliyokosewa hapunguzi makosa. Hufundisha watoto kunakili kwa jirani. Madaftari yake hupendeza kwa usahihi, hata siku ya mtihani ifike. Vivyo hivyo mkubwa wa posta asiyeletewa habari mbaya asidhani ya kuwa kwake hapana mabaya.

Kutoaminiana huku mara nyingi hutoka mbali, katika mpango wa kazi yenyewe. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja. Katika siku za ukoloni vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu, na Waafrika wengi walikuwa matarishi, wachukuzi na makarani wadogo. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika ya Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilikubali desturi ya kuwa asiye Mzungu apewe mafungu 3 katika 5 ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi ile ile. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyoshauri mpango huo wa rangi uachwe. Mtu aambiwaye kwa mshahara wake ya kuwa yeye ni mafungu matatu tu, atauaminije moyo wa mkubwa wake? Mwisho wa mwaka 1959 watumishi wa posta wa Tanganyika waligoma, na mgomo ukaingia mwaka 1960. Mabishano ya mshahara yalikuwa na mizizi katika heshima.

Baada ya uhuru Tanzania ilijaribu kulirekebisha jambo hili kwa sheria na mafundisho. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yawe na mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kiburi na dharau kwa walio chini yao. Watumishi walianza kunena waziwazi, na pengine waliwakataa wakubwa wao hadharani. Hata hivyo baraza lisilopewa hesabu za kweli halina la kujadili; hukaa, hunywa chai, huondoka.

Kisha likaja jaribu kubwa kuliko yote. Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki lilikuwa mali ya Jumuiya ya nchi tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Watumishi wake wa posta, reli, bandari na ndege walikuwa wamekatwa fedha za uzeeni kwa miaka mingi, nao waliamini ya kuwa zimewekwa. Mwaka 1984 nchi tatu zilipatana jinsi ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikachukua juu yake malipo ya watu wake. Lakini maelfu ya wazee wa Tanzania waliendelea kudai. Mwaka 2003 walikwenda mahakamani, mwaka 2005 wakapatana na serikali, na hata baada ya hapo wengine walidai ya kuwa hawajalipwa yote. Wengi walikufa wakingali wakidai. Tunawataja kwa sababu uaminifu wa mkubwa kwa mtumishi hauishi jioni kazi ikifungwa. Mzee aliyetunza hawala za watu kwa miaka 30, asipungukiwe hata senti, alikuwa na haki kutazamia ya kuwa na yeye amewekewa zake.

Mtu asidhani ya kuwa mambo haya ni ya nchi zetu tu. Uingereza, nchi iliyotoa stempu ya kwanza ya kubandika mwaka 1840, ilipatwa na aibu kubwa katika posta yake. Tangu mwaka 1999 posta ndogo za vijijini na mitaani zilipewa kompyuta za hesabu, zikiitwa Horizon. Kompyuta zilianza kuonyesha upungufu wa fedha ambao wenye posta hawakuweza kuueleza. Walipouliza, wengi waliambiwa ya kuwa ni wao peke yao wenye tabu hiyo. Mkataba ukawalazimisha kulipa. Wengine waliuza nyumba zao, wengine walifungwa. Mwaka 2010 mwanamke mmoja alifungwa akiwa na mimba. Katika miaka kama 16 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kuwa wezi au wadanganyifu.

Bwana mmoja, Alan Bates, aliyekuwa na posta ndogo huko Wales, alikataa kulipa deni asilolijua, akanyang’anywa kazi mwaka 2003. Akawatafuta wenziwe. Watu 555 wakashitaki pamoja, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua ya kuwa kompyuta zilikuwa na kasoro ziwezazo kuleta upungufu wa uongo. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta nyingine kwa mamia. Taarifa ya uchunguzi ya mwaka 2025 ilisema ya kuwa watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa ajili ya mambo haya.

Kosa lao lilikuwa nini? Rudini kwenye mizani. Mfuko wa barua hufunguliwa mbele ya macho mawili, na mkulima huitazama mizani kwa macho yake. Lakini mwenye posta wa Uingereza alitakiwa kutia sahihi juu ya hesabu ambayo hakuweza kuifungua ndani. Watu wa mbali waliweza kuingia katika hesabu zake pasipo yeye kujua. Wakubwa wake waliiamini mashine kuliko watu mamia waliowatumikia kwa heshima, wala hawakujiuliza imekuwaje wezi wengi hivyo wazuke kwa pamoja. Hatari hii yaweza kufika kwetu pia, kwa maana hata karani wetu wa leo huandika hesabu katika kompyuta, si katika daftari la wino.

Watu wa Kemondo hawahitaji kufundishwa thamani ya hesabu ya kweli. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli MV Bukoba iling’oa nanga hapa, imebeba watu kupita kiasi, ikapinduka kesho yake asubuhi karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa maji, na orodha ya abiria haikuweza kutuambia walikuwamo wangapi. Karatasi isiyosema kweli si kosa dogo la ofisini.

Basi, yafaa nini kufanywa? Kwanza, mkubwa aulize kabla ya kuhukumu, na amshukuru aletaye habari mbaya mapema. Kumshukuru si kumwachilia mwizi. Ukaguzi na uendelee, tena wa ghafula, lakini uwe kwa wote, na sanduku la mkubwa pia likaguliwe. Pili, mtumishi asitie sahihi juu ya jambo asiloliona, wala asifiche upungufu hata kwa usiku mmoja. Tatu, hesabu itakayotumiwa kumshitaki mtu lazima yeye aweze kuitazama, iwe ya wino au ya mashine. Nne, malipo ya mtumishi, na akiba yake ya uzeeni, vitunzwe kwa uangalifu ule ule atakiwao yeye kuutumia juu ya fedha za watu.

Na sisi tulio nje ya dirisha tuna sehemu yetu. Tutunze risiti zetu. Barua ikichelewa, tuulize kwa adabu, tusimwite karani mwizi mbele ya watu hali hatujui mfuko ulifungwa wapi. Neno hilo haliwezi kurudishwa kwa taarifa ya tofauti.

Wanafunzi, wengi wenu mtakuwa makarani, na baadhi yenu wakubwa wa makarani. Siku kijana atakapokuja mezani kwako akitetemeka, aseme, “Zaonekana 11,” ukumbuke ya kuwa neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atarudi tena siku nyingine kukuambia kweli.